Miguu Kuelekea Kibla

Mtandika vitanda wa hoteli ya kitalii ukingoni mwa Ruvuma hunyoosha shuka kwa kiganja, taratibu, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Kila jioni huhamishia mito upande wa pili wa kitanda, mgeni asije akalala miguu ikielekea kibla. Kila jioni Felisbela, msimamizi aliyetoka Beira, huirudisha. “Mama, wageni wanataka kuamka wakiiona Ruvuma!” “Haya, dona.” Kesho anahamisha tena.

Wiki hii mama alikwenda kwao Palma: watu wa kampuni ya gesi wanataka makaburi yahamishwe kupisha mradi wao, na la mumewe limo. Aliporudi, Felisbela aliingia chumbani tayari kugomba, akakuta mito iko kama alivyoagiza. “Leo hukuihamisha, mama?” “Ya nini, dona? Walale watakavyo.” Kiganja kiliendelea kunyoosha shuka iliyokwisha kunyooka. Felisbela akaibeba mito mwenyewe, akaipeleka upande ule wa mama. Mama hakugeuka hata kutazama.