Isale Aliloombea Radhi Mnyonya Damu

Elinipa Sumari, binti wa yule Sumari aliyebeba kengele ya kanisa mgongoni kutoka barabarani mpaka mlimani, miguu peku, asiiweke chini hata mara moja. Mjukuu wa Silantoi, mfugaji wa magharibi ya mlima, aliyemtoa fisi zizini kwa kijinga cha moto. Yeye mwenyewe alizaa saba, akazika mume, akauza ndizi soko la Sokon One miaka ishirini na mmoja asimwogope mgambo yeyote. Huyo ndiye aliyewaendea wanyonya damu mchana kweupe, kudai mwanawe.

Watu wale walihamia juu, msitu unapoanzia. Walikuja wote watu wazima, hapana mtoto, hapana mzee. Walichukua shamba la kahawa la marehemu mmoja, wakajenga ukuta, na jikoni kwao moshi haukutoka. Msibani hawakuonekana, harusini hawakuonekana. Vibarua wao walitoka mbali, na waliporudi walikuwa wamepauka midomo, wakisema ni malaria tu.

Hanna, kitinda mimba wa Elinipa, alikwenda kuchuma kahawa huko kwa wiki mbili. Mwezi ukaisha. Simu ikaleta ujumbe mmoja: "Niko sawa mama, usije."

"Mtoto wangu haandiki 'usije'," Elinipa aliwaambia majirani. "Wangu huandika 'mama, njoo na loshoro'." Akakoroga mahindi yake na maziwa ya mgando, akajaza kibuyu, akajifunga kanga kiunoni, akapanda.

Langoni alimkuta mwanamume aliyejiita Sylvanus, uso wa miaka thelathini, mkono baridi kama jiwe la mtoni. Alisimama tu, akingoja.

"Kijana, kwenu hamwamkii wakubwa?"

"Mimi ndiye huamkiwa, mama. Nilikuwapo bibi yako hajaota meno."

"Umri wote huo na adabu hukupata! Pole sana."

Akampita. Uwanjani vibarua tisa waliketi kwenye benchi, shingo zimefungwa vitambaa, Hanna akiwa wa mwisho. Elinipa akamfungua kitambaa. Juu ya mshipa palikuwa na tundu dogo, limezibwa kwa samadi. Tundu lile alilijua tangu utoto: ndivyo bibi Silantoi alivyomtoboa ng'ombe kwa mshale, akakinga damu, akaziba, akamwachia arudi malishoni.

"Mnawafuga!" akapaza sauti. "Hata ng'ombe bibi yangu alimpumzisha mwezi mzima! Ninyi mna roho za namna gani?"

Wenzake Sylvanus wakatoka vyumbani mmoja mmoja, wakamzunguka.

"Haya, ninyweni! Damu ya Sumari ni chungu. Lakini wanakwaya wenzangu arobaini wa kanisani wanajua nilipo, na kila mmoja ana panga la kukatia migomba. Jioni sijashuka, wanapanda."

Wakatazamana. Sylvanus alikuwa amekaa mlimani muda wa kutosha kujua mila, akadhani anaijua yote. Akaenda kwenye kaburi la mwenye shamba wa zamani, ambako isale, mmea wa kuombea radhi, lilikuwa limeota, akakata tawi, akalileta kwa mikono miwili.

"Tumekosa, mama. Kwenu isale halikataliwi. Samehe, ushuke peke yako, yaishe."

Ni kweli, halikataliwi. Anayelikataa, laana humrudia yeye. Hanna alilijua hilo, akaanza kulia bila sauti.

"Silikatai," Elinipa akasema, akapokea. "Ya jana nimewasamehe. Ya kesho hamjayaombea radhi."

Akamshika Hanna mkono, akawaamsha na wale wanane, wakatoka nje. Hakuna aliyethubutu kumgusa mwenye isale mkononi. Ukingoni mwa mfereji uliopita nje ya lango akalisimika lile tawi udongoni, akamgeukia Sylvanus aliyewafuata.

"Isale uliloombea radhi ndilo mpaka wako. Ukilivuka, umevunja radhi, na ukoo wako wote unakauka. Waliokufundisha hawakukuambia hilo?"

Sylvanus akanyanyua mguu juu ya tawi. Vidole vikasinyaa kama ganda la ndizi lililoachwa juani. Akaurudisha.

"Shikamoo, mama," akasema.

Elinipa hakuitika. Mpaka leo hajaitika.

Wiki ile wanakwaya walizungusha masale ukuta mzima, na hakuna kibarua aliyepanda tena. Tangu hapo, miaka kumi na mmoja, kila masika Elinipa huenda kuyakagua. Hanna hajawahi kumfuata. Hufunga kitambaa shingoni hata wakati wa joto.

Mwaka huu ukame umekausha masale matatu pale kwenye mfereji, na magoti ya Elinipa yamegoma. Asubuhi moja alimwita Hanna uani, akamwekea mbele panga la migomba na matawi matatu mabichi.

"Mama, mimi? Wataniita kwa jina."

"Wacha waite. Jina nimekupa mimi, si wao." Akanyoosha mkono, akakivuta kile kitambaa shingoni mwa bintiye, akafungia matawi. "Panda wakuone shingo. Anza na lile la katikati, na ukandamize udongo kwa kisigino."