Siku Nilipomkana Ta Bitegeko

Juzi, kanisani Igurwa, nilimwona msichana akipiga gitaa, nikainamisha uso.

Utotoni, Ta Bitegeko, mpiga gitaa wa kijijini kwetu, alinifundisha nyimbo mbili nilipokuwa nikitoroka kazi ya kuanika kahawa. Alasiri moja alikuja nyumbani na gitaa lake, akinukia moshi wa kuni. Nilidhani amekuja kunisemea.

“Binti yako ni mwanafunzi wangu,” alimwambia baba.

Baba alinigeukia. “Ni kweli?”

“Hapana, baba. Huyo ni mlevi tu.”

Ta Bitegeko alinitazama, akaaga kwa upole, akapotelea migombani.

Nilipokuwa mtu mzima mama aliniambia kwamba vidole vya Ta Bitegeko vilikuwa vimeanza kufa ganzi, na siku ile alikuja kuniachia gitaa. Sikuwahi kwenda kumwomba radhi.