Seva ya Juu ya Kabati

Nani alikudanganya kwamba seva ya michezo, ile kompyuta inayowakutanisha wachezaji mtandaoni, lazima ikae kwenye jumba la kampuni tajiri? Ya jirani yangu inakaa juu ya kabati la nguo. Ni kompyuta ya mapajani, kuukuu, isiyo na kioo wala betri, imeelekezewa feni pekee ya nyumba, na mkewe anajipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Baba watoto, na mimi je?"

"Wewe huna watu ndani yako," anamjibu, macho kwenye gemu ya mkononi ya mteja anayoifungua aitengeneze. Skrubu huziweka mdomoni, kwa hiyo huongea kama mtu mwenye jino bovu.

Wanaocheza humo hucheza bure, na mmoja wao ni kaka yake mkubwa. Hawajasemezana tangu mazishi ya baba yao. Ila kila jioni kaka huingia mchezoni, hujenga ukuta kando ya nyumba ya mdogo wake, tofali kwa tofali, kisha huondoka bila salamu. Jirani akiuona umeongezeka, husema tu, "Yupo."

Juzi alichomoa chaja ya seva ili ajaribu nayo gemu aliyoitengeneza. Gemu ikawaka, chaja ikaungua. Seva ikabaki bila umeme, mchezo mzima ukazimika. Alitema skrubu zote mezani.

"Si umpigie kaka yako simu?" mkewe akasema.

"Nimwambie nini?"

Asubuhi iliyofuata nilimkuta kaka mtu mlangoni kwao, vifungo vya shati vimekwenda kombo.

"Imezimika. Nikadhani umekufa."

"Bado," jirani akasema, akasogea kumpisha.