Saa Tano ya Baba

Baba yangu hakupenda kudanganywa, na kwa sababu hiyo aligombana mpaka na mashine ya kahawa.

Ilifika chumbani kwetu Kawangware ikiwa imeviringishwa kwenye taulo. Baba alikuwa mpishi wa wazungu fulani, na walipofunga mizigo kurudi kwao wakamwachia. Majirani waliachiwa makoti na sufuria na wazungu wao. Sisi tuliachiwa kidude cha plastiki chenye jagi la kioo na saa ya tarakimu nyekundu. Ukikitilia maji na kahawa jioni, kinapika chenyewe asubuhi, kwa saa uliyokiambia. Mwenye ploti, aliyetukodisha chumba, alikuwa amekataza pasi za umeme na koili za kupikia, stima yake isiliwe. Mashine ya kahawa hakuijua, kwa hiyo hakuwa ameikataza.

Ugomvi ulikuwa wa saa. Ya mkononi mwa baba ilikuwa na mishale, na mshale ukigusa tano alfajiri alisoma kumi na moja bila kufikiri, kama sisi sote. Lakini hii iliandika.

"Mishale naweza kuigeuza kwa kichwa," alisema. "Hii inaniandikia tano na mimi najua ni kumi na moja. Hiyo ni uongo."

Basi akaiweka Kiswahili. Alfajiri, ilipoandika 11:00, ilianza kukoroma na kutema kahawa, na mkoromo huo ndio uliomwamsha. Kazi yake mpya ilikuwa mbali, na alitakiwa awe barabarani kabla ya jua. Baada ya miezi michache alikuwa amesahau kabisa kuamka mwenyewe.

Nilikuwa msichana wa kidato cha pili, na kichwa kilikuwa kimevimba kwa masomo. Wakati wa likizo mwenzangu wa shule alikuja kunitembelea, akaitazama saa, akacheka. "Hii saa yenu imeharibika ama?" Nilitamani ardhi inimeze. Jioni hiyo, baba alipokwenda kuoga, nilibonyeza vitufe mpaka saa ikasoma kama inavyosomwa shuleni. Kahawa sikuifikiria hata kidogo. Mashine ilikuwa imeambiwa ingoje kumi na moja, na haikujali ni kumi na moja ya nani.

Asubuhi haikukoroma. Baba aliamshwa na mwanga uliopita chini ya mlango. Mama naye alikuwa amechelewa, ndiyo kwanza anawasha jiko nje. Baba aliruka, akavaa, akaitazama saa, kisha akanitazama mimi. Hakupaza sauti.

"Tutaongea jioni," alisema, akatoka mbio bila kutia kitu mdomoni.

Lori lilimgonga akivuka barabara. Waliokuja kutuambia walifika saa tano asubuhi, wanaume wawili waliofanya kazi naye, wamevua kofia. Mmoja wao alikuwa bado anatafuta maneno pale mashine ilipoanza kukoroma mezani. Ilikoroma mpaka ikamaliza. Chumba kikajaa harufu ya kahawa ambayo baba mwenyewe alikuwa ameitilia maji jana yake. Mama, aliyekuwa ameketi sakafuni, akainua uso.

"Amekuja," alisema. "Amekuja kunywa kahawa yake."

Mimi nilijua kilichoileta ile kahawa: 11:00 ya shuleni ndiyo saa yetu ya tano asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na nilinyamaza.

Tulimzika kwao, magharibi. Tuliporudi, stima ilikuwa imepotea ikarudi, na saa ya mashine ilikuwa ikiwaka na kuzima, haijui ni wakati gani. Mama hakujua kuzisoma zile tarakimu. Alijua tu kwamba mimi ndiye niliyesoma.

"Njoo umrudishie baba yako saa yake," alisema. "Saa tano. Asije akakosa."

Nikabonyeza. Karatasi za kuchujia zilipokwisha, mama alikata leso kuukuu. Kila jioni alitia maji na kahawa, na kila asubuhi ikikaribia saa tano aliacha kufua, akaingia ndani, akafunga mlango. Siku ambazo sikwenda shule nilisimama nje nikimsikia akimpa habari: sukari imepanda, mwenye ploti amejenga vyumba vingine, mtoto anapita mitihani. Mara nyingine alicheka. Sijui kama aliwahi kucheka vile baba akiwa hai.

Na Kawangware stima haikosi kupotea. Kila ilipopotea niliitwa, na kila nilipoitwa nilirudia kwa vidole vyangu kosa la jioni ile. Kwa miaka sita niliiogopa ile mashine. Hata nilipopata kazi ya kupiga taipu mjini, saa tano ikifika nilisikia mkoromo katikati ya kelele za ofisi, kisha sauti ya baba ikisema tutaongea jioni.

Ijumaa moja stima iliporudi, mama akaniita kama kawaida. Vidole vilikataa. Kusema kwa mdomo nilikuwa nimeshindwa, basi nikaona mashine iseme. Nikaiweka kama alivyoiweka baba, saa ya Kiswahili, kahawa kumi na moja alfajiri.

Ilikoroma kukiwa bado na giza. Mama aliamka, akakaa kitandani, akasikiliza mpaka ikaisha. Akamimina vikombe viwili, akanipa kimoja.

"Hii ndio saa yake," alisema. "Hii ndio alikuwa anaamka nayo."

"Ndio, mama."

"Ni wewe umeiweka hivi?"

"Ni mimi."

Alikishika kikombe chake kwa mikono miwili, hakunywa. "Na ile siku, nani aliigusa?"

Nikamwambia yote: mwenzangu wa shule na kicheko chake, vitufe, namna baba alivyonitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata kwa laana. Miaka yote ile nilikuwa nikijiandaa. Mama hakulia wala hakunilaani. Aliitazama mashine.

"Kwa hivyo saa tano hakuwa anakuja," alisema.

Ilikuwa Jumamosi na sikwenda kazini. Saa tano ilipofika, mama alikuwa nje akifua nguo, na hakuingia ndani.