Gauni Lisilo na Pindo

Tarehe 9 Februari 2021, fundi cherehani mmoja, mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, aliandika kwenye daftari la vipimo gauni la kijani, la mteja aliyemwita Shangazi. Miezi miwili baadaye lilikuwa bado linaning'inia dukani bila pindo, na kila mteja alipoingia, fundi aliinuka kitini kutaka kulificha, akaketi tena.

Gauni lilikuwa la fundi mwenyewe; Shangazi hakuwapo. Pindo hupimwa nguo ikiwa mwilini, na hakuna fundi anayeweza kujiinamia akajipimia mwenyewe.

Adhuhuri moja fundi mwenzake, mwanamke waliyechangia naye duka, alilishusha akalitandaza mezani.

"Kaka, huyu Shangazi bega lake la kushoto limeshuka inchi nzima. Naye ni fundi?"

"Wengi wako hivyo," alijibu, huku uzi ukikataa kuingia sindanoni.

"Wengi wapi? Walioinamia cherehani miaka ishirini ni wewe na mimi, na mimi hili halinienei."

Fundi alitupia jicho mlangoni. Neno likivuka mlango, duka lingebaki na nzi tu.

Mwenzake alikuwa amevaa suruali na shati la mumewe, kama kila siku. "Hizi nazivaa mwaka wa nne, hakuna aliyeniuliza," alisema. "Leo wameingia wanawake sita waliovaa kama mimi. Wanaume kama wewe huenda nao ni sita, ila ninyi mnawasingizia shangazi zenu."

Kicheko kilimtoka fundi bila kutaka.

Ijumaa, wakishafunga duka, fundi atalivaa gauni, asimame juu ya stuli, na mwenzake atampimia pindo.