Mgonjwa Aitike Mwenyewe

Juzi, katika hospitali moja ya Mbeya, karani wa eksirei alichungulia dirishani akaita jina. Mzee kutoka Usangu akasimama, kamshika mkewe mkono.

"Tupo, ndugu karani."

"Sijakuita wewe, mzee. Mgonjwa aitike mwenyewe, ndiyo utaratibu."

"Huyu hasikii. Dokta kasema bila picha ya sikio hampasui."

"Asiyeitika anarudi nyuma ya foleni."

Wakarudi nyuma. Kwa wagonjwa wa macho, nakiri, utaratibu huo hauna kasoro. Zamu yao ilipofika tena, karani aliita kwa sauti iliyoamsha wodi nzima isipokuwa mwenye jina. Mchana filamu zikaisha.

"Jumatatu mje mapema," karani alimwambia mzee kwa upole, "na huyu mama umfundishe kuitika."