Maziwa Yaliyowekwa Kabla ya Mbio

Enzi zetu, mtoto wa senta yetu akienda Sotik siku ya soko na kuulizwa ametoka wapi, hakujibu kwa jina la senta. Alitaja mtu. "Natoka kwa yule wa redio." Au, "Natoka kwa akina Profesa." Na aliyeuliza alikuitikia kwa heshima, kana kwamba ni wewe uliyesoma taarifa ya habari jana jioni. Senta yenyewe ilikuwa maduka machache ya mabati juu ya Mogogosiek, kinu cha kusagia mahindi, kanisa, na kibanda cha kupimia majani chai. Dereva akipiga chafya, ameshaipita. Lakini kwa watu tulikuwa matajiri, na majivuno hatukuyaficha.

Asubuhi tulichuma chai kabla ya shule, umande ukiloweka sketi mpaka zikawa nzito. Kisha tulikimbia shuleni miguu mitupu kwenye udongo mwekundu, na alasiri tukakimbia kurudi, maana mvua ya mawe ya kwetu haina adabu, haimngoji mtu afike nyumbani. Vijana wa siku hizi wakikimbia hadi dukani lazima simu iwahesabie hatua. Sisi mhesabu wetu alikuwa fimbo ya mwalimu wa zamu, aliyesimama langoni na hakukosea hesabu hata siku moja.

Jioni kulikuwa na kimyet, ugali wetu wa wimbi, mboga iliyolazwa kwenye maziwa, na redio ya Baba ambayo betri zake zilishinda juani juu ya paa zikitafuta nguvu. Sauti ya yule wa redio ikianza, Mama alisema, "Nyamazeni, mtoto wa jirani anaongea." Alisema hivyo kana kwamba kijana yuko mlangoni na amekuja kuomba moto. Kesho yake tulishika mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia tukasoma habari za ng'ombe wa kila boma, aliyezaa na aliyevunja ua. Tuliwapenda wakubwa wetu hao kwa sababu walikuwa wetu.

Lakini niliyempenda kuliko wote ni Chelangat, msichana wa boma la pili kutoka kwetu, aliyetutangulia shuleni kwa miaka kadhaa. Alikimbia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kila mwaka alishinda mashindano ya shule, na mwaka mmoja akachaguliwa kwenda Nairobi kukimbia na wasichana wa nchi nzima. Baba yake, mzee mkali mwenye shamba la chai lililokosa wachumaji, alimwambia mbele yetu sote, "Hii ni ya mwisho. Kama hushindi Nairobi, unarudi kwa chai, na hii mambo ya kukimbia tunafunga." Chelangat aliitikia tu, macho chini.

Sasa, anayejua mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, anajua kwamba haitengenezwi kwa haraka. Bibi yangu, Kogo kama tunavyowaita bibi zetu, ndiye aliyeaminiwa na senta nzima kuandaa maziwa ya kumpokea mtu aliyeiletea senta sifa. Alichoma kijiti cha mti wa senetwet, akasugua mkaa wake ndani ya kibuyu mpaka ukuta wote ukawa mweusi, akamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akafunika, akakiweka pembeni pasipo na jua. Kisha siku zilipita, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukitikisa. Kwa hiyo maziwa ya Chelangat yaliwekwa kabla hajapanda hata gari la kwenda Nairobi.

Siku ya mbio tulijazana kwenye redio ya Baba. Yule wa redio alisoma majina ya walioshinda, na nadhani sauti yake ilishuka kidogo, kwa sababu jina la kwetu halikuwemo. Wanaume waliokuwa wamekata sinendet, mmea utambaao, na kusuka mikufu ya kumvisha shingoni waliiacha kwenye baraza ya duka. Mbuzi wa mwenye duka wakaila. Nililia siku ile kuliko nilivyolia kwa fimbo yoyote.

Chelangat aliporudi, gari lilimwacha njia panda, viatu vyake vikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Watu wa senta ghafla walikuwa na kazi nyingi. Huyu anapanga sukari, yule ameinamia bao la drafti asiinue uso. Kogo peke yake ndiye aliyeinuka. Alibeba kibuyu, nasi watoto tukamfuata nyuma mpaka kwenye lango la kina Chelangat, ambapo baba yake alikuwa amesimama na kikapu kitupu cha chai, tayari kumkabidhi.

"Kogo, sikushinda," Chelangat alisema.

"Nimesikia. Redio tuko nayo. Hii maziwa niliweka wakati hakuna mtu alikuwa anajua nani atashinda. Sikuwekea mshindi. Niliwekea wewe."

Chelangat alikunywa huku akilia, na mkaa ukabaki kwenye mdomo wa juu. Kisha Kogo akamgeukia mzee na kumnyooshea kibuyu kilekile. "Na wewe, baba yake. Kunywa."

Kwetu huwezi kunywa kibuyu kimoja na mtu halafu ugeuke umfungie mlango. Mzee aliweka kikapu chini, akanywa, akafuta ndevu. "Basi," alisema, "akimbie mwaka moja ingine."

Ule mwaka ndio uliomtoa. Alishinda, na miguu yake ikampeleka chuo kimoja Marekani, katika mji ambao, alivyotusimulia baadaye, ni mdogo kuliko Sotik. Mlangoni mwa mji huo pana kibao kikubwa chenye majina ya watu maarufu waliozaliwa pale, mwanasiasa, mcheza sinema na wengine. "Nilikuwa nakisoma kila asubuhi nikifanya mazoezi," alituambia. "Najiuliza, hawa nao, nani aliwawekea maziwa?"

Leo Chelangat ni daktari wa watoto, na watoto wa senta wakifika Sotik wanasema wanatoka kwake. Nasi tumepata kibao chetu, kimepakwa rangi vizuri, vijana wanapiga picha mbele yake. Lakini mapokezi yamebadilika. Siku hizi matokeo yanafika kwenye simu kabla mkimbiaji hajashusha pumzi. Ameshinda, watu wanakimbilia supamaketi kununua mursik ya chupa. Ameshindwa, hakuna aliyepoteza kitu. Ninaikumbuka ile hasara yetu ya kuweka maziwa kabla ya mbio, na ninaililia.

Kibuyu cha Kogo ninacho mimi. Jumamosi binti wa jirani yangu anakwenda kukimbia Nairobi, na tangu Jumatatu maziwa yake yako jikoni. Kijana wangu aliniona nikifunika akacheka. "Mathe, si ungengoja kwanza tuone kama atawin?"

Nilimwambia afunge mlango taratibu, asikitikise kibuyu.